Mary Leakey: Mchoraji aliyesoma mawe kwa penseli

Wengi wetu tunaijua Fort Ternan kama jina tu kwenye ramani ya reli. Ni stesheni kati ya Koru na Kipkelion, kwenye ile njia ya zamani ya Nakuru kwenda Kisumu, pale miwa ya Muhoroni inapobaki chini na chai ya Kericho inakungoja huko juu. Hakuna mtu hupanga safari ya kuja hapa kutafuta sanaa. Lakini kama unapenda vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, iwe ni shanga, vibuyu, vinyago au michoro, kuna maisha ya mwanamke mmoja ambayo unafaa kuyajua, na Fort Ternan ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sababu ni hii. Kwenye shamba la mzungu mmoja hapa, Fred Wicker, ardhini mlikuwa na mifupa ya wanyama iliyogeuka mawe. Wicker akampelekea habari Louis Leakey, mwanaakiolojia maarufu wa Nairobi. Mwaka wa 1961 uchimbaji ukaanza, ukisimamiwa na Heslon Mukiri, msaidizi wa Louis wa miaka mingi. Wakapata vipande vya taya la kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita. Louis akampa jina Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya Kenya na ya mwenye shamba.

Mambo yangeishia hapo, yangekuwa poa. Lakini mwaka wa 1968 Louis akaenda hatua moja mbele. Alidai kwamba jiwe moja la volkeno lililopatikana Fort Ternan lilikuwa limepigwapigwa, na kwamba mifupa fulani hapo ilivunjwa kwa makusudi. Yaani kiumbe huyo alikuwa akishika jiwe na kulitumia kama nyundo. Wataalamu wengi hawakukubali. Jiwe linaweza kugongwa na jiwe lingine likabingirika zake. Mfupa unaweza kuvunjwa na meno ya mnyama.

Sasa shika swali hilo: kitu hiki kimetengenezwa, au kimevunjika tu? Mtu aliyelitolea swali hilo maisha yake yote, na aliyewafundisha wengine namna ya kulijibu kwa mawe ya Afrika Mashariki, hakuwa Louis. Alikuwa mke wake, Mary. Na Mary hakuanza kama mwanasayansi. Alianza kama mtoto wa msanii anayezurura na babake.

Mtoto wa barabarani

Mary Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Babake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari. Kila mwaka alikuwa anafunga virago na familia yake, wanaenda Ufaransa, Italia, Uswisi, popote penye mwanga mzuri wa kuchora. Pesa za picha zikiisha, wanarudi Uingereza kuziuza, halafu safari inaanza tena. Upande wa mama nako kulikuwa na damu ya udadisi: babu yao mmoja, John Frere, ndiye aliyewaambia wasomi wa Uingereza mwaka wa 1797 kwamba mawe yaliyochongwa aliyoyapata kijijini Hoxne yalitengenezwa na watu wa kale sana.

Mary alipokuwa na miaka kama 12, familia ilifika kusini-magharibi mwa Ufaransa, eneo la mapango. Hapo kulikuwa na mtu anachimba pango na kutupa kando vipande vya mawe alivyoona havina faida. Mary na babake wakaruhusiwa kupekua ile takataka. Msichana akatoka na vikwaruzio, visu na ncha za mawe, akavipanga kwa makundi kwa akili yake mwenyewe. Katika kijiji kingine, Cabrerets, padri aliyejua mambo ya kale akawaingiza kwenye mapango yenye michoro ya farasi na mikono ya watu, iliyowekwa ukutani maelfu ya miaka iliyopita.

Fikiria wewe ni mtoto, babako anachora kwa riziki, halafu unaonyeshwa kwamba kuna watu walichora kabla ya kuwepo maduka, shule, hata ugali. Hilo ndilo lilimshika.

Mwaka wa 1926 babake akafariki, hapo hapo Ufaransa. Mary alikuwa na miaka 13.

Alivyohepa shule, shule ikamhepa

Mama akarudi London, akaamua msichana sasa asome kama watoto wa watu. Akampeleka shule ya watawa. Mary akakataa kukariri mashairi mbele ya watu, akajificha, akafukuzwa. Akapelekwa nyingine. Huko akasababisha mlipuko kwenye darasa la kemia. Akafukuzwa tena. Mama alipojaribu kuuliza kama angeweza kuingia Oxford, profesa akamwambia asijisumbue.

Hakuwa na cheti hata kimoja. Sisi tulioacha masomo njiani tunapenda sana kuambiwa hadithi za aina hii, kisha tunaishia hapo: ona, hakusoma na alifaulu. Si kweli. Mary alisoma sana, ila hakusoma kwa kutafuta mtihani. Alikuwa anahudhuria mihadhara ya akiolojia na jiolojia London bila kusajiliwa kwa shahada. Aliandika barua kwa wachimbaji mmoja baada ya mwingine akiomba nafasi, hadi Dorothy Liddell akamchukua kwenye uchimbaji wa Hembury, kusini mwa Uingereza, kuanzia mwaka wa 1930.

Na alikuwa na ufundi mmoja ambao hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Alikuwa anajua kuchora kifaa cha jiwe.

Usione hilo ni jambo dogo. Jiwe lililochongwa limejaa makovu. Kila pigo linaacha bonde dogo, na kila bonde lina mwelekeo. Mchoraji mvivu atachora umbo la nje tu, kama kiazi. Mchoraji mzuri anachora kila kovu, ukaona pigo lilitoka upande gani na lipi lilitangulia lipi. Kamera haikuonyeshi hivyo, kwa sababu kamera haichagui. Mkono unaochora lazima uamue kila mstari, na huwezi kuamua kama hujaelewa. Mary alikuwa anachora hadi unamwona fundi wa kale akiligeuza jiwe kiganjani.

Michoro hiyo ikamvutia mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson, aliyempa kazi ya kuchorea kitabu chake kuhusu Fayum, Misri. Mwanamke huyo huyo akamkutanisha mwaka wa 1933 na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, aliyekuwa anatafuta mchoraji wa kitabu chake. Mary akachora. Mapenzi nayo yakaingia. Shida ni kwamba Louis alikuwa na mke na watoto. Ilikuwa kashfa kubwa, na Louis akapoteza mustakabali wake Cambridge. Mama ya Mary akamchukua bintiye hadi Afrika Kusini na Zimbabwe akitumaini safari itamsahaulisha. Wapi! Mwaka wa 1935 Mary akapanda kuja Tanganyika, akamfuata Louis Olduvai. Wakaoana mkesha wa Krismasi, 1936.

Shanga za Njoro

Sasa rudi kwenye ile reli yetu. Ukitoka Fort Ternan ukielekea Nakuru, unapita Kipkelion, Londiani, Molo, kisha Njoro. Ni katika nchi hiyo hiyo ya mvua na udongo mwekundu ambapo Mary alifanya kazi zake za kwanza kubwa Kenya. Mwaka wa 1937 alianza kuchimba Hyrax Hill, kilima kilicho pembeni mwa mji wa Nakuru. Mwaka wa 1938, yeye na Louis wakachimba pango lililo kando ya mto Njoro.

Pango hilo lilikuwa kaburi. Mlikuwa na mabaki ya watu karibu 80, miili yao ikiwa imechomwa moto. Karibu kila mmoja alikuwa amewekewa bakuli la mawe, kinu na mchi wake. Na kulikuwa na shanga, mamia ya shanga, nyingi zikiwa za mawe magumu yanayong'aa kama agati, zimetobolewa katikati na kusuguliwa hadi zikawa laini.

Hebu simama hapo kidogo. Jiwe la aina hiyo ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Hakukuwa na mashine. Mtu alikaa chini akalitoboa polepole, tundu likipita upande hadi upande, kisha akaanza lingine. Halafu watu waliobaki wakamvisha marehemu kazi hiyo yote na kuiacha imwendee.

Moto uliochoma miili ulihifadhi kitu kingine. Vitu ambavyo kwa kawaida huoza viligeuka makaa na kubaki: vipande vya kibuyu, kamba na vikapu, na chombo cha mbao kilichonakshiwa. Vina umri wa takriban miaka 3,000. Ukikaa na mama wa Kikipsigis leo akikuonyesha sotet, kile kibuyu cha mursik kilichovalishwa ngozi na shanga, usikimbilie kusema ni kitu kilekile cha Njoro. Hakuna aliyethibitisha hivyo. Lakini unaweza kusema kwamba katika nchi hii mtu kukipamba chombo chake cha kila siku ni tabia ya zamani mno. Na tunalijua hilo kwa sababu kuna mtu alipiga magoti pangoni na kuchukua kipande cha kibuyu kilichoungua kwa uzito uleule wa taya la binadamu wa kale.

Karakana yenye umri wa vizazi visivyohesabika

Pasaka ya mwaka wa 1942, Mary na Louis walikuwa wakitembea Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi. Ghafla wakajikuta juu ya mamia ya mashoka ya mawe yametapakaa ardhini. Kwa miaka michache iliyofuata pakachimbwa, wafungwa wa vita wa Italia wakisaidia, na mwaka wa 1947 pakafunguliwa kuwa jumba la makumbusho la wazi. Hadi leo unatembea juu ya ubao ulioinuliwa, na mashoka yako pale chini, mahali yalipoachwa.

Kama hujawahi kushika shoka la aina hiyo, lina umbo la tone la maji. Pande mbili zinafanana. Makali yamezunguka. Aliyelitengeneza aliliona kwenye mawazo kabla hajalipata ndani ya jiwe. Hapo ndipo lile swali la Fort Ternan linapojibiwa vizuri. Jiwe moja lenye kovu linaweza kuwa bahati. Mashoka mamia, yenye umbo moja na pande zinazolingana, si bahati. Ni mazoea ya mkono, yaani watu walioangaliana wakifanya kazi na kuigana. Hiyo ni karakana.

Mary alichukua wazo hilo hilo akalipeleka Olduvai. Julai 17, 1959, Louis akiwa kambini na homa, Mary alitoka na mbwa wake akaona meno yakichungulia kwenye mteremko. Lilikuwa fuvu lililoitwa Zinjanthropus, na likawafanya akina Leakey wajulikane dunia nzima. Picha na safari za mihadhara Marekani zikamwendea Louis zaidi. Mary akabaki bondeni na sigara zake nene na mbwa wake wenye madoadoa, akihesabu mawe. Kitabu chake kikubwa kuhusu tabaka za chini za Olduvai kilitoka mwaka wa 1971. Humo aliyapanga mawe kwa aina: ya kukatia, ya kukwangulia, ya kupondea, ya duara. Alionyesha vile ufundi ulivyobadilika kutoka tabaka hadi tabaka. Wachimbaji wengi waliokuja baada yake walianzia kwenye mpangilio huo, hata walipoupinga.

Hakufanya hayo peke yake, na hapa lazima tuwe wakweli. Kambi yake ilisimama kwa mikono ya Wakamba wengi. Mmoja alikuwa Kamoya Kimeu, aliyefika Olduvai mwaka wa 1960 akiwa kijana aliyeacha shule ya msingi, na akaja kuwa mmoja wa watafutaji bora wa visukuku duniani. Majina ya watu hao yalichukua muda mrefu kufika magazetini. Mary alijua uchungu wa kazi yako kubebwa na jina la mwingine, lakini mwenyewe pia alibebwa na watu ambao hukufundishwa majina yao darasani.

Miezi mitatu ya Kondoa

Ukiuliza ni safari gani moja ya Mary inayomfaa mpenzi wa sanaa, jibu ni Kondoa, katikati mwa Tanzania. Aliona michoro ya miamba ya huko kwa mara ya kwanza mwaka wa 1935, na haikumtoka akilini. Mwaka wa 1951 akapata pesa za kurudi, akakaa miezi mitatu yeye na familia.

Walihesabu maeneo 186 yenye michoro. Mengi yalikuwa yamefifia mno, 43 tu ndiyo yaliyofaa kunakiliwa. Mary alibandika karatasi inayopitisha mwanga juu ya mwamba, akafuata kila mstari, kisha akaichora upya na kuipaka rangi ikilingana na ile ya ukutani. Alinakili takriban maumbo 1,600. Kuna twiga, pofu na tembo. Kuna watu wembamba wenye vichwa vikubwa, nywele zimetengenezwa kwa mitindo, wengine wakicheza, wengine wakipiga ala za muziki, wengine wamevaa mapambo.

Elewa kilichomgusa hapo. Miaka yote alikuwa anashughulika na mawe na mifupa. Jiwe linakwambia mtu alikata nyama. Mfupa unakwambia alikula nini. Hakuna jiwe litakalokwambia msichana alisuka nywele vipi, au kwamba watu walikaa pamoja wakapiga muziki. Nguo zinaoza, nyimbo zinapotea hewani. Bila mchoraji wa Kondoa tusingejua lolote kuhusu mambo hayo ya watu hao.

Na kazi hiyo haikuchapishwa upesi, kwa sababu picha za rangi zilikuwa ghali kuchapisha. Michoro ya Mary ilikaa zaidi ya miaka 30, hadi mwaka wa 1983 ilipotoka kitabu kiitwacho Africa's Vanishing Art. Jina lake linasema sanaa hiyo inatoweka, na hakuwa akipamba maneno. Maji yanateremka juu ya mwamba, jua linapiga, mifugo inajisugua, moshi unapaka masizi, na watu wanakwaruza majina yao. Mwaka wa 2006 UNESCO iliiweka michoro ya Kondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mary hakuliona hilo.

Alivyomaliza

Louis alifariki mwaka wa 1972. Mwaka wa 1978, timu ya Mary huko Laetoli, si mbali na Olduvai, ikafukua nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkeno zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Viumbe hao walitembea kwa miguu miwili kama sisi. Lakini Mary aligundua kwamba katika majivu hayo hakukuwa na hata kifaa kimoja cha jiwe. Miguu ilikuwepo kabla ya karakana. Aliandika hivyo, hakujitafutia jiwe la kulazimisha hadithi. Linganisha na Fort Ternan, utaona tofauti ya tabia kati ya mume na mke.

Oxford, ambako aliambiwa asijisumbue, ilimpa shahada ya heshima mwaka wa 1981. Akaondoka Olduvai mwaka wa 1983, akarudi kuishi Nairobi. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na miaka 83.

Kwa hivyo, likizo ijayo ukipanda kuelekea Kericho, au ukishuka hadi Tabaka, Kisii, kuwatazama mafundi wa mawe ya sabuni, au ukisimama Hyrax Hill pale Nakuru, jaribu kitu kimoja. Piga picha zako za simu, sawa. Kisha rudisha simu mfukoni, utoe daftari. Chagua kitu kimoja tu, kibuyu, kinyago au kikapu, ukichore kwa dakika 20. Kitatokea vibaya, usijali. Kabla dakika hizo hazijaisha utakuwa umeona fundi alianzia wapi, alikosea wapi akarekebisha, na aliamua kumalizia wapi. Ukishaona hayo, muulize jina lake, uliandike chini ya mchoro.